Nani Mwenye Amri Juu ya Machela?

Swali ninalotaka kulitafakari hapa ni la kijeshi, nami sikuwahi kuwa mwanajeshi. Miaka yangu yote ya kazi nilishika chaki. Lakini kadiri ninavyolizungusha kichwani, ndivyo ninavyoona kwamba linamhusu kila mtu aliyewahi kupewa watu wa kuwasaidia na mkubwa wa kumtii. Swali lenyewe ni hili: askari anapolala chini na jeraha lake, ni nani mwenye amri juu yake? Ni kamanda anayepigana na adui, au ni tabibu anayepigana na kifo?

Wengi wetu tukifikiria tiba ya vitani, tunafikiria huruma. Tunamwona akilini kijana mwenye alama ya msalaba mwekundu mkononi, amepiga magoti huku risasi zikilia, anafunga jeraha la mwenzake. Picha hiyo ni ya kweli, ila ni sehemu ndogo tu ya ukweli. Nyuma ya kijana yule upo mpangilio mrefu, na bila mpangilio huo huruma yake haifiki mbali kuliko urefu wa mkono wake.

Kwa ufupi, majeshi mengi ya dunia hupanga tiba kama ngazi. Kipandio cha kwanza ni askari mwenyewe na mwenzake wa karibu, kila mmoja akiwa na kitambaa chake cha kufungia jeraha. Cha pili ni kituo cha huduma ya kwanza cha batalioni, nyuma kidogo ya mapigano, penye daktari mmoja au mganga msaidizi pamoja na wabeba machela wachache. Cha tatu ni kikosi cha tiba cha brigedi, chenye magari, wauguzi, na dawa za kumtuliza mgonjwa aweze kusafiri. Cha nne ni hospitali ya uwanja wa vita, penye upasuaji. Cha mwisho ni hospitali kubwa, mbali na milio ya mizinga. Isipokuwa kwa vile vipandio viwili vya juu, kazi ya kila kipandio si kumponya mtu. Ni kumfikisha akiwa hai kwenye kipandio kinachofuata.

Sasa tutazame amri inavyopita katika ngazi hiyo. Daktari wa batalioni ni ofisa aliye chini ya kamanda wa batalioni. Akiambiwa hamisha kituo chako, anahamisha. Wakati huohuo, katika mambo ya utaalamu wake, anawajibika kwa mganga mkuu wa brigedi, naye kwa mganga mkuu wa divisheni, mpaka juu kabisa. Kwa hiyo mtu mmoja ana wakubwa wawili: mmoja anamwambia pa kusimama, mwingine anamwambia namna ya kutibu. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Jeshi, kwa makusudi kabisa, linamtaka tabibu wake ashike mawili na asiache hata moja.

Jambo hili lilinikaa moyoni kwa sababu ya mazungumzo na mzee mmoja jirani yangu hapa Mkolani, aliyetumika kama mhudumu wa tiba katika vita vya Kagera. Vijana wa leo huvisoma vitabuni tu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Jeshi letu likawarudisha nyuma, kisha likaendelea mbele mpaka Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Sisi wa Mwanza tulikuwa nyuma ya vita hivyo, lakini si nyuma sana. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Kilibya iliyokuja kuupiga mji wetu ilikosa shabaha, na mabomu yake yakaangukia hifadhi ya wanyama ya Saanane, yakaua swala. Waandishi wengi wa habari za vita vile hutaja askari wetu 373 waliokufa, na kwamba kati yao 96 ndio waliouawa katika mapigano yenyewe. Msomaji azitazame vizuri hesabu hizo. Zinatuambia kwamba askari hafi kwa risasi peke yake, na kwamba suala la magari, barabara, maji na dawa si suala dogo la makarani.

Mzee huyu si mtu wa kujisifu. Siku moja nilimwamkia nikakaa, tukaongea, nikamuuliza ni kitu gani kilikuwa kigumu zaidi. Nilitegemea atasema damu, au maiti, au mvua.

"Mwalimu," akasema, "damu mtu huizoea. Usichokizoea ni gari moja na shughuli mbili."

Akanieleza kwamba kituo chao kilikuwa na gari moja. Gari hilo lilipeleka risasi na maji mbele, na likirudi ndipo lichukue majeruhi kuwapeleka nyuma. Kikosi chake sikitaji, wala yeye hakupenda kitajwe. Asubuhi moja alikuwa na majeruhi wawili, na mmoja wao alionekana wazi kuwa hatafika jioni bila upasuaji. Gari lilikuwepo, limejaa risasi, dereva yuko kwenye usukani. Alimwomba kamanda wa kombania risasi zishushwe, gari lirudi nyuma kwanza. Kamanda akakataa. Gari likaenda mbele. Liliporudi, majeruhi wawili walikuwa wamebaki mmoja.

"Ulimchukia yule kamanda?" nikamuuliza.

"Hapana, mwalimu. Mbele kulikuwa na watu wamebakiwa na risasi za kuhesabu. Zisingefika, huenda tungelala pale wote, na wale majeruhi wangu pia. Mimi nilikuwa na mtu mmoja anakufa. Yeye alikuwa na kombania nzima inakufa. Kila mmoja alikuwa na haki yake, lakini gari lilikuwa moja."

Nimeyafikiri sana maneno hayo. Tukitafuta mwenye kosa pale, hatumpati. Kamanda hakuwa mkatili, wala mhudumu hakuwa mwoga. Kwa maoni yangu kisa kile hakikuamuliwa asubuhi ile. Kilikuwa kimeamuliwa zamani, siku mtu fulani mezani alipoandika kwamba gari ni la kubebea mizigo, na kwamba mwenye majeruhi ataliomba. Mpangilio ulikuwa umekwisha kusema risasi kwanza, mtu baadaye, hata kabla ya risasi ya kwanza kulia. Na aliyeandika maneno hayo bila shaka hakudhani kwamba anaandika jambo la maadili. Alidhani anapanga magari.

Tatizo hili ni la kale, na halikuanzia kwetu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, magari ya farasi ya kubebea majeruhi yalikuwa chini ya maofisa wa ugavi, walewale waliosimamia chakula na mizigo. Katika mapigano ya Bull Run ya pili, mwishoni mwa Agosti 1862, majeruhi wengi walilala uwanjani siku baada ya siku, bila wa kuwaokota. Wakati huo daktari Jonathan Letterman, mganga mkuu wa jeshi la Potomac, alikuwa amekwisha kumshawishi jenerali wake McClellan atoe amri mpya, iliyotolewa mwezi huohuo wa Agosti: magari hayo yawe chini ya idara ya tiba, yawe na maofisa na watu wake waliofundishwa, na yasitumike kwa shughuli nyingine yoyote. Tarehe 17 Septemba 1862 yakaja mapigano ya Antietam, siku iliyomwaga damu nyingi kuliko siku yoyote ya vita vile. Safari hii, kwa upande wa jeshi lile, karibu majeruhi wote waliondolewa uwanjani ndani ya muda wa siku moja hivi. Mwaka 1864 Bunge la Marekani likaufanya utaratibu huo kuwa sheria kwa jeshi lote.

Tuangalie kilichobadilika kati ya Agosti na Septemba. Haikugunduliwa dawa mpya, wala askari hawakuwa na huruma zaidi kuliko mwezi uliotangulia. Kilichobadilika ni jibu la swali dogo: gari hili ni la nani? Ndiyo maana nasema kwamba kupanga ni aina ya haki, na kwamba asiyejua kupanga, hata akiwa na moyo wa dhahabu, huishia kulia juu ya maiti aliyoweza kuizuia.

Je, basi tumpe tabibu amri yote? Hapana. Tabibu aliye kwenye kituo chake haoni alipo adui. Hajui kwamba barabara anayoitaka imetegwa mabomu, au kwamba baada ya saa moja kituo chake kitakuwa katikati ya mapigano. Akiachiwa atume wabeba machela popote anaposikia kilio, anaweza kuwapoteza wabebaji wanne kwa ajili ya majeruhi mmoja, na siku inayofuata hakuna wa kumbeba yeyote. Tena jeshi ambalo kila idara inajiamulia mambo yake si jeshi, ni soko. Anayesema kwamba dhamiri ya tabibu isiguswe na amri yoyote hajafikiri mpaka mwisho.

Naona njia ni kuligawa swali letu katika maswali mawili. La kwanza ni la mahali na wakati: kituo kiwe wapi, machela yaende lini, njia ipi ipitwe. Hilo ni la kamanda, na tabibu atoe ushauri wake kisha atii. La pili ni la mtu: kati ya hawa waliolala mbele yangu, nani aanze? Hilo ni la tabibu peke yake, na kamanda, hata akiwa jenerali, hana neno hapo.

Mgawanyo huu si wangu. Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, daktari Dominique Jean Larrey wa jeshi la Napoleon alishika kanuni kwamba aliyeumia vibaya zaidi atibiwe kwanza, bila kujali cheo chake. Mkataba wa kwanza wa Geneva wa mwaka 1864, uliotokana na uchungu wa Henri Dunant baada ya kuwaona majeruhi wa Solferino mwaka 1859, ulisema majeruhi wahudumiwe bila kujali taifa lao. Nao Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa mwaka 1949, katika kifungu chake cha 12, unasema wazi kwamba hakuna sababu ya kumtanguliza mtu katika matibabu isipokuwa udharura wa hali yake. Hautaji nyota za begani, wala hautaji rangi ya sare. Adui aliyelala na tumbo lililopasuka humtangulia kapteni wetu mwenye kidole kilichochubuka.

Najua pingamizi litakalotolewa, nalo si la kipuuzi. Mkuu wa vita atasema: jeshi halikuanzisha idara ya tiba kwa sababu ya huruma tu. Liliianzisha ili askari wapone warudi kupigana. Ikiwa nina dawa chache, na kuna kumi wenye majeraha madogo wanaoweza kurudi mstarini kesho, na mmoja mahututi asiyeweza kurudi kamwe, je, busara si kuwatibu wale kumi? Na vita vikishindwa, wote wataangamia.

Historia ya nchi yetu inao mfano wa hesabu ya namna hiyo. Novemba 1917 jenerali Lettow-Vorbeck wa Wajerumani alikuwa amesukumwa mpaka kusini kabisa ya nchi hii. Dawa zilikuwa zimepungua kiasi kwamba madaktari wake walikuwa wakichemsha magome ya mti kupata kwinini. Huko Nambindinga, kabla ya kuvuka mto Ruvuma, akaamua kuendelea na watu wachache tu walio wazima. Madaktari wakapima nani anaweza kwenda na nani hawezi. Mamia ya Wajerumani pamoja na askari wengi Waafrika wakaachwa nyuma, wagonjwa na majeruhi miongoni mwao, wachukuliwe na Waingereza.

Je, madaktari wale walifanya vibaya? Nimelipima hilo kwa muda mrefu, na nadhani jibu liko katikati ya hiyo hiyo mipaka yetu. Nani aendelee na safari ya vita ni neno la kamanda, na daktari akimwambia ukweli kwamba huyu hawezi kutembea, hajamdhulumu mtu. Wale walioachwa walilala hospitalini, mikononi mwa adui aliyefungwa na mkataba wa kuwatunza. Dhuluma ingeanza pale ambapo daktari angemnyima mgonjwa dawa iliyopo kwa sababu tu mgonjwa huyo hana faida tena kwa vita. Ndiyo maana kwa yule mkuu wa vita nitajibu hivi: hesabu yako ya kumi na mmoja inaweza kuwa sahihi kwa siku moja, lakini askari wako wana macho. Siku watakapojua kwamba aliyeumia sana huhesabiwa kuwa hasara na kuachwa, hakuna atakayetoka kwenye handaki. Mtu huingia mahali pa kufa akiamini kwamba akianguka atafuatwa. Imani hiyo ndiyo nguvu ya jeshi, na ukiiuza kwa askari kumi wa kesho, umeuza batalioni ya mwaka mzima.

Lakini katika vita hivyohivyo vya 1914 hadi 1918 ipo dhuluma kubwa zaidi, nayo haikuhitaji daktari mbaya wala kamanda katili. Ni ya wapagazi. Mwanza ilichukuliwa na Waingereza Julai 1916, na wanaume wa huku, kama wa sehemu nyingine, walitakiwa kubeba mizigo ya vita. Jina la Kariakoo, tunalolitamka kila siku tukienda sokoni Dar es Salaam, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao. Kumbukumbu rasmi za Waingereza zilitaja vifo vya wapagazi wao zaidi ya 40,000. Watafiti wa baadaye wamekisia kwamba vilikaribia 100,000. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na njaa, na mara nyingine na unga usioiva ambao matumbo yao hayakuuweza.

Kwa nini wengi hivyo? Sababu moja ni kwamba katika ngazi ile niliyoieleza mwanzoni, mpagazi hakuwa na kipandio chake tangu mwanzo. Askari alikuwa na batalioni, na batalioni ilikuwa na daktari. Mpagazi alikuwa ni wa mzigo. Hospitali za wapagazi zilikuja baadaye, zikiwa na upungufu mkubwa. Hata hivyo lipo jambo moja la kutia moyo. Katika vita hiyo huko Uganda kiliundwa kikosi cha tiba cha Waafrika, kwa vijana wasomi wa shule kama za Mengo na Budo, nao wakaenda kuwahudumia wagonjwa, wapagazi wakiwemo. Ilionekana kwamba mgonjwa akipata mtu wa kumsemea kwenye mpangilio, huanza kuonekana. Asiye na mtu kwenye mpangilio hufa bila hata kuandikwa.

Pengine msomaji atasema hayo yote ni ya kale. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa huko Semuliki, mashariki ya Kongo, ilishambuliwa. Wanajeshi wa Tanzania 15 walipoteza maisha na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Uchunguzi ulioamriwa na Umoja wa Mataifa ulikuta kwamba hapakuwa na mpango wa dharura unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu na kuwaondoa, na kwamba masuala ya amri na uongozi, pamoja na ukosefu wa nyenzo kama ndege, yalikuwa vikwazo vikubwa. Vijana wale hawakupungukiwa ushujaa. Walipungukiwa mpango uliowekwa tayari na watu waliokaa mbali nao. Siku hizi Umoja wa Mataifa unashika kanuni ya kumi, moja, mbili: aliyeumia apate huduma ya kwanza ndani ya dakika 10, huduma ya juu zaidi ya kuokoa maisha ndani ya saa 1, na upasuaji ndani ya saa 2. Ni kanuni njema. Lakini saa hukimbia, na kanuni hiyo ina maana tu pale ambapo tayari inajulikana ni nani anayeruhusiwa kusema "ndege iruke", bila kutafuta sahihi ya mtu wa tatu.

Hapa kwetu Usukumani tunao mfano ambao hatuuthamini inavyostahili. Msiba ukitokea, nzengo hukutana, na kabla ya machozi kukauka, fulani amekwisha kupewa kuni, fulani maji, vijana fulani kaburi, na fulani daftari la michango. Hakuna anayesema kwamba nzengo haina huruma kwa kuwa inagawa kazi. Tunaelewa kwamba kugawa kazi ndiyo huruma yenyewe ikiwa imevaa nguo za kazi. Lakini ajali ikitokea pale barabara ya Shinyanga, watu mia hukimbilia, kila mmoja anamvuta majeruhi upande wake, na hakuna anayejua nani aseme. Watu ni walewale, na mioyo ni ileile. Tofauti ni kwamba msiba tumeupangia, ajali hatujaipangia.

Narudi kwa swali langu. Nani mwenye amri juu ya machela? Jibu langu ni kwamba kamanda ana amri juu ya njia yake, tabibu ana amri juu ya atakayelala juu yake, na wote wawili wako chini ya mpaka uliochorwa kabla ya vita. Mpaka huo usipochorwa wakati wa amani, wakati watu wana usingizi wa kutosha na akili zimetulia, utachorwa asubuhi moja na watu wawili waliochoka, wenye gari moja, na mmoja wao atazeeka akiukumbuka. Mzee jirani yangu aliwahi kuniambia kwamba hakutamani apewe cheo kikubwa kuliko kamanda wake. Alitamani gari la pili, na karatasi inayosema ni la nani. Nadhani hilo ndilo tunalopaswa kuwapa wote tunaowatuma kuokoa watu, wawe vitani, ziwani au hospitalini: vifaa, na neno lililo wazi juu ya jambo ambalo hakuna mkubwa yeyote atakayewaingilia.